“Usimshikeshike, Dokta, atalegea”

Jumamosi iliyopita baba mmoja wa Goba, hapa Dar, aliniletea mtoto wa German Shepherd wa wiki 8 ndani ya boksi la feni. Masikio bado yameanguka, tumbo limejaa minyoo, macho yanang'aa. Nikamtoa, nikamweka mezani, nikaanza kumshika masikio, makucha na mdomo, kama ninavyomshika kila mtoto wa mbwa anayepita hapa. Baba akanyoosha mkono kunizuia. “Usimshikeshike sana, Dokta. Huyu ni wa ulinzi. Akizoea watu atalegea.”

Huyo alikuwa wa tatu kwa mwezi huu. Nje kulikuwa na foleni na mbuzi mmoja anayelia kama anachinjwa, kwa hiyo nilimchoma mtoto chanjo yake, nikampa dawa ya minyoo, nikamjibu baba wa watu kwa sentensi mbili. Sentensi nyingine zote ni hizi hapa, na mkinifuata tena na hilo neno “atalegea” nitawatumia kiungo cha ukurasa huu.

Mapishi yenu ya mbwa mkali nayajua. Banda linajengwa nyuma ya nyumba, karibu na karo, ukuta pande tatu ili mbwa asione kitu. Mchana hafunguliwi. Mgeni akija, mbwa haonyeshwi. Anakula mara moja, tena kidogo, “njaa inaleta hasira”. Mlinzi anapewa ruhusa ya kumchokoza kwa fimbo. Wengine wanaongeza pilipili kwenye ugali, na wapo wanaoongeza bangi. Kuhusu pilipili sina la kusema zaidi ya kwamba atahara, na atakayefagia ni wewe. Mbwa aliyekula bangi mimi huletewa akidhaniwa amelishwa sumu: anayumba, mkojo unamtoka bila yeye kujua, anashtuka kila mlango unapogonga. Mwizi akiingia usiku huo atamruka kama anavyoruka mtaro.

Njaa ndiyo inayonichekesha. Wezi wa mji huu hawaji mikono mitupu, wanarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Sasa wewe umemshindisha mbwa na njaa tangu jana, kisha unategemea aikatae nyama. Asubuhi unanipigia simu, mbwa anatoa povu na anatetemeka, nami nakimbilia atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, huku naomba Mungu tuwe tumewahi. Mlisheni mbwa ashibe, kwa wakati mmoja kila siku, kwenye sufuria yake, na mtu wake. Sisemi kwamba hiyo itamzuia kabisa asile cha chini. Nasema usimsaidie mwizi kazi.

Tuje kwenye hilo neno lenyewe, ukali.

Mbwa aliyefungiwa tangu utotoni mara nyingi anaogopa, na ninyi mnasoma uoga wake kama ukali. Mtazame siku moja mgeni akigonga geti. Anabweka huku anarudi nyuma. Uzito wake uko miguu ya nyuma, masikio yamelala, mkia umeingia katikati ya mapaja. Akiona njia ya kukimbia anakimbia. Akikosa njia anauma, na mara nyingi huuma kwa nyuma, mtu akishageuka kuondoka. Mbwa anayejiamini anasimama wima, anasogea mbele, anabweka kwa sauti nzito, anakutazama, anasubiri kuona utafanya nini. Huyu wa pili hata mimi nikiwa na begi la dawa namheshimu. Wa kwanza namhofia, kwa sababu hata yeye hajui atafanya nini sekunde inayofuata.

Na anayeumwa na mbwa mwoga ni nani? Mwizi yuko karibu naye usiku mmoja kwa mwaka, pengine hata huo haupo. Mtoto wako yuko naye kila siku. Dada wa kazi anayepeleka sufuria, fundi bomba, kijana wa maji, mjukuu aliyekuja likizo na hajui kwamba banda halisogelewi. Simu ninazopigiwa ni za namna hiyo, na swali huwa ni moja: “Dokta, hivi yule mbwa tulimchanja kichaa?” Mara nyingi hatukumchanja, kwa sababu hashikiki.

Nipite haraka hapa, lakini msipapite ninyi. Ukiumwa na mbwa yeyote, hata wa kwako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu watu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Mbwa wa ndani ya ukuta naye achanjwe. Ukuta wako hauzuii mbwa wa mtaani kupita chini ya geti.

Tatizo liko kwenye kalenda. Mtoto wa mbwa anazaliwa haoni wala hasikii. Wiki ya 3 hivi anaanza kupokea dunia, na kila anachokutana nacho kwa amani kuanzia hapo anakiweka kwenye fungu la mambo ya kawaida: mtu mwenye kofia, mwavuli, bodaboda, mtoto anayelia, adhana, mvua kwenye bati. Wiki ya 12 hadi ya 14 fungu hilo linaanza kufungwa. Kipya kinachokuja baada ya hapo anakihesabu kuwa hatari mpaka kithibitishe vinginevyo. Mwaka 1961 mtafiti Daniel Freedman na wenzake huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walilea watoto wa mbwa uwanjani bila kugusana na watu, wakawa wanawachukua kwa zamu kwa wiki moja moja wakiwa na umri tofauti. Waliochukuliwa wiki ya 5, ya 7 au ya 9 waliwazoea watu. Walioachwa mpaka wiki ya 14 wakawa kama wanyama wa porini. Na hao walikuwa Cocker Spaniel na Beagle, mbwa wadogo ambao baba wa Goba hawezi hata kuwaita mbwa.

Hapo hapo Bar Harbor, John Paul Scott na John Fuller walikuwa na Basenji, mbwa wetu wa Kongo asiyebweka. Watoto wa Basenji wa wiki 5 walikuwa waoga kuliko wenzao: wanakimbia, wanapiga kelele, wakibanwa wanang'ata. Wakashikwashikwa, wakazoea upesi. Kwa hiyo damu ina neno lake na mikono ina neno lake, na ya mikono ndiyo iliyo kwenye uwezo wako.

“Lakini Dokta, akizoea watu atampokea mwizi.” Hapana. Ili mbwa ajue kwamba jambo hili si la kawaida, sharti awe ameyaona ya kawaida mengi. Mbwa asiyejua kitu anabwekea kila kitu: jani, paka, jirani anayekohoa, msoma mita. Mwezi wa kwanza unatoka na tochi. Mwezi wa tatu unavuta shuka. Siku mwizi anapokuja kweli mbwa anabweka vile vile kama jana, na wewe unalala vile vile kama jana. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kukuamsha, na hawezi kukuamsha kama umeshamzoea kelele. Mlinzi mzuri niliyewahi kumjua, mbwa koko wa mjane mmoja Kigamboni, alikuwa anabweka mara chache sana hivi kwamba akibweka mtaa mzima ulikuwa unawasha taa.

Kuna mzee mmoja alinijibu kwa methali: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Sawa kabisa, mzee wangu. Lakini mbwa wa msasi anashinda na msasi. Anatembea naye, anamtazama, anasikia sauti yake. Methali haikumtaja mbwa wa msasi aliyefungiwa karibu na karo.

Hapa pwani wengine wananiambia, na wana haki, kwamba nyumba yao ni ya Kiislamu, mate ya mbwa yanawapa kazi ya kujitoharisha, hawawezi kumkumbatia. Hakuna aliyewaambia mkumbatie. Kumzoesha hakuhitaji mkono. Keti kiti chako mita tatu kutoka kwake, umrushie kipande cha dagaa kila mgeni anapoingia getini. Mgeni akisimama, dagaa. Mwavuli ukifunguliwa, dagaa. Shamba boy au mlinzi ndiye ajifunze kumshika masikio na mdomo. Familia moja ya Mbagala imelea mbwa wawili hivyo, hawajawahi kuwagusa, na ni mbwa waliotulia kuliko wa wateja wangu wengi wanaolala nao kitandani.

Sasa mahali ninapoyumba. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inarudiwa mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyoinyonya kwa mama yake huweza kuizima chanjo ya mapema. Mlango wa kuzoea unafungwa kabla ya hapo. Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani wanasema usisubiri chanjo ziishe, mtoe mtoto akaione dunia. Mtaa wao si mtaa wangu. Huku parvo iko kwenye mchanga wa kila kona, na kirusi chake kinakaa ardhini miezi na miezi. Niliwahi kumwambia mama mmoja ampeleke mtoto wake wa Rottweiler kwa jirani akacheze, jirani ambaye mbwa wake nilidhani namjua. Rottweiler ni miongoni mwa mbwa wanaoumizwa zaidi na parvo, na hilo nilikuwa nalijua. Alikufa kwenye dripu siku ya tatu. Mama hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikaa.

Siku hizi nasema mbebeni. Mtoto aende gengeni mapajani mwako, asimame kituo cha daladala ndani ya kikapu, asikanyage chini. Wageni waje nyumbani, viatu waache nje. Kuna siku nadhani nimepata uwiano, na kuna siku naona nabahatisha. Nimeona pia ndugu wawili wa tumbo moja, nyumba moja, sahani moja, mmoja akawa chuma na mwingine anaogopa ndoo mpaka leo. Atakayekuhakikishia mtoto wa mbwa atakuja kuwaje, huyo anakuuzia tu.

Mbona sijasema chagueni aina gani? Kwa sababu mnaniuliza hilo kwanza na ningependa liwe la mwisho. German Shepherd alianza kama mbwa wa kondoo, Mjerumani Max von Stephanitz alipoanza kumsajili mwaka 1899. Boerboel wa Afrika Kusini anafika kilo 70 na zaidi. Je, wewe una kilo ngapi, na nani atamshika siku ya chanjo? Utafiti wa mwaka 2022 wenye mbwa zaidi ya 18,000 ulikuta aina ya mbwa inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ukienda kununua, omba kumwona mama yake. Ukiambiwa “mama ni mkali sana, haonekani”, rudi nyumbani na hela yako. Mimi kwa nyumba nyingi za Dar ningechukua koko mzima wa mama aliyetulia. Anavumilia joto, viungo vyake havina kesi. Lakini nisiwadanganye, koko naye anakufa na parvo, ila akifa mtaani hakuna anayemleta kwangu nikamwona.

German Shepherd, pamoja na matatizo yake ya nyonga, ana jambo ambalo muuzaji hasemi: homa ya kupe ikimkamata huwa inamkamata vibaya. Hapo ndipo banda la nyuma linapoua. Mwaka juzi niliitwa Mbezi kwa dume la miaka 4, “amepoteza hamu ya kula, Dokta, siku mbili tatu”. Dereva na mlinzi walimtoa kwa kamba mbili, moja kila upande. Nilipomfunga mdomo na kumfunua fizi, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Ndani ya masikio na katikati ya vidole kupe wamepangana kama kunde. Hizo hazikuwa siku tatu, zilikuwa wiki. Homa ya kupe ikiwahiwa, doksisaiklini ni dawa ya bei ndogo na mbwa wengi huinuka. Lakini kuiwahi kunataka mtu wa kupitisha mkono kwenye sikio la mbwa kila jioni, na kwa miaka minne pale hapakuwa na mkono uliowahi kumgusa. Alikufa njiani kuja kliniki. Mwenye nyumba alinipigia kesho yake. Aliniomba nimtafutie mwingine, mkali kama yule.

Baba wa Goba, chanjo ya pili ni baada ya wiki tatu, kadi unayo. Kila siku mshike masikio, mfunue mdomo, mhesabu vidole, na anayekuja kwako kumtembelea ampe dagaa. Na mkija, njooni na anayemlisha. Msimtume dereva.