Je, wajua kwa nini boljointi (kiungo cha gurudumu la mbele) iliyolika hujificha gari likiwa kwenye jeki?

Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Yaliyokwisha kuingia, hata hivyo, bado yanapiga kazi, na mengi yakivuka matuta ya Kampala utayasikia yakigonga kwa mbele. Mwenyewe hulipeleka gereji, fundi huliinua na kutikisa tairi, haoni kitu. Gari linarudi barabarani na mlio uleule. Fundi si lazima awe mzembe. Huenda jeki imekaa pasipo pake.

Boljointi ni gololi ya chuma yenye mkia, imekaa ndani ya kikombe chenye grisi, kama kiungo cha nyonga. Inaunganisha amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na kishikio cha gurudumu ili tairi lipande na kushuka huku likikata kona. Raba inayoifunika ikipasuka, vumbi jekundu la murram na maji huingia kwenye grisi, na mchanganyiko huo ndio unaosaga gololi na kikombe chake hadi panakuwa na pleyi, yaani nafasi ya kuchezacheza.

Sasa chukua gari lenye amu mbili kila upande, springi ikiwa imekalia ile ya chini. Ukiliinua kwa chesisi (fremu ya gari), gurudumu huning'inia lakini springi inaendelea kusukuma amu. Msukumo huo huibana gololi upande mmoja wa kikombe, na mikono ya mtu haiwezi kuushinda. Weka jeki chini ya amu ya chini, karibu na boljointi, uinue mpaka tairi liache ardhi kidogo. Springi sasa inabebwa na jeki. Penyeza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua, na mwenzako atazame kiungo: kikiwa kimelika utakiona kikicheza.

Kwa Toyota kama Premio au Noah mambo ni kinyume. Uzito wa mbele hupitia kwenye shokapu hadi juu yake, boljointi ya chini haiubebi, hivyo inua kwa chesisi uache gurudumu lining'inie. Kwa vyovyote, weka stendi. Jeki peke yake haiaminiki.

Toyota Hilux Surf za 1996 hadi 2002 zisicheleweshwe kukaguliwa kabisa. Boljointi yao ya chini hubeba uzito kwa kuvutwa, kwa hiyo ikilika sana gololi huchomoka na gurudumu linakunjika chini ya gari.

Kuitoa boljointi kunahitaji ujanja kuliko nguvu. Legeza nati lakini usiitoe yote, kisha piga nyundo ubavuni mwa tundu ulimoingia mkia, si kwenye mkia wenyewe. Kwenye maduka ya Kisekka, soko la vipuri Kampala, utapata mpya na zilizotumika. Ya mtumba mimi singeinunua hata kwa nusu bei, maana ulikaji wake umo ndani, hauonekani. Ukifunga mpya, tundu la kotapini (pini inayozuia nati isilegee) lisipolingana na nati, kaza zaidi kidogo, usirudishe nyuma. Kotapini iwe mpya pia. Kisha peleka gari kwenye alaimenti, magurudumu yanyooshwe, la sivyo tairi litaliwa ukingo mmoja.