Muuaji wa Aurora Hakuwa Joker

Tangu tarehe 20 Julai 2012, James Holmes alipowamiminia risasi watazamaji wa filamu ya Batman katika ukumbi wa sinema mjini Aurora, jimbo la Colorado nchini Marekani, na kuua watu 12, wengi wameamini kwamba alijigeuza Joker, hasimu mkuu wa Batman, na kwamba rangi aliyopaka nywele zake ndiyo ishara iliyofichika.

Ishara yenyewe haisimami. Nywele za Joker ni za kijani. Za Holmes zilikuwa na rangi ya machungwa iliyokoza, na katika filamu ile Joker haonekani kabisa. Uvumi ulipata nguvu pale mkuu wa polisi wa New York (mji ulio mbali mno na Colorado) alipowaambia waandishi wa habari kwamba mtuhumiwa alijiita Joker, ingawa mwendesha mashtaka George Brauchler, aliyeisimamia kesi hadi hukumu ya mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba hakuna ushahidi wa maneno hayo.

Daftari la Holmes, lililotolewa mahakamani, lina ubaridi wa mtu anayetafuta kiwanja cha kujenga: alilinganisha uwanja wa ndege na sinema, akauacha uwanja kwa sababu ya ulinzi mkali, kisha akachora kumbi, milango na maegesho ya magari. Usiku wa manane aliuchagua, kama alivyomwambia daktari wa akili aliyemhoji, akidhani watoto wangekuwa wachache. Mdogo kuliko wote waliouawa alikuwa na umri wa miaka 6.