MCAT kati ya muhula na likizo: mpango kwa anayesoma Kilifi na kulala Malindi

Anayetaka kusomea udaktari hapa Kenya hana haja na mtihani huu. Vyuo vyetu vinaangalia matokeo ya KCSE, na nafasi za kawaida hugawiwa kupitia KUCCPS. MCAT ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, hutungwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, na wanaoufanya ni watu walio katikati ya shahada ya kwanza au waliokwisha kuimaliza. Kabla hujalipa hata senti, fungua orodha ya vyuo unavyovitaka. Vingi vya Marekani havimpokei mwanafunzi wa kigeni, na vingi kati ya vinavyompokea vinadai awe amesoma angalau mwaka mmoja katika chuo cha huko au cha Kanada. Kama bado umo safarini baada ya kujua hayo, tuendelee.

Maswali ni 230 katika sehemu nne. Sehemu ya kemia na fizikia, ya biolojia na biokemia, na ya saikolojia na sosholojia zina maswali 59 kila moja, kwa dakika 95. Ya nne, CARS, ni ufahamu mtupu: vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Kila sehemu hupewa alama 118 hadi 132, kwa hiyo jumla ni kuanzia 472 mpaka 528. Jibu la makosa halikatwi alama, basi usiache swali tupu.

Wengi hukosea hapa: huchukua ratiba ya mtu aliyeacha kila kitu miezi mitatu, wakaibandika juu ya muhula wenye yuniti saba na maabara. Wiki ya nne inafika, majaribio ya katikati ya muhula yanaanza, na ratiba inavunjika. Mimi naitenganisha kazi kwa aina. Muhula ni wa mambo yanayoingia polepole, kidogo kidogo kila siku. Likizo ndefu ni ya mitihani ya mwigo, yaani mitihani ya mazoezi inayofanywa kama ule wa kweli. Ukiyapindua haya mawili, utaharibu yote mawili.

Hesabu yangu ni saa 300. Muhula wa wiki 14, toa mbili za mitihani ya chuo ambazo MCAT haiguswi kabisa, zinabaki 12. Kwa saa 10 kila wiki, hizo ni 120. Likizo wiki 7 kwa saa 26, zinapatikana 182. Umefika, na hukukosa mhadhara hata mmoja.

Saa karibu 10 za wiki ya muhula hugawanyika hivi. Jumatatu mpaka Ijumaa, baada ya alfajiri, fanya kifungu kimoja cha CARS kwa dakika 10 kamili, kisha dakika 15 za kuchambua makosa. Kwenye matatu, dakika 20 za kadi za kumbukumbu. Programu ya Anki ni ya bure kwenye simu za Android na kadi hufunguka bila mtandao, kwa hiyo bando likiisha mkiwa mnapita Gede hujapoteza kitu. Jumamosi na Jumapili saa tatu tatu za maudhui: sura moja, halafu vifungu vya sura hiyohiyo. Kusoma sura bila kufanya vifungu ni kujidanganya. Mtihani haukuulizi ulichosoma, unakupa jaribio la maabara usilowahi kuliona na kukuuliza kilichoharibika.

CARS ndiyo inayowatesa wanasayansi wetu. Tangu kidato cha tatu hawajasoma maandishi marefu ya falsafa, sanaa au historia, na huisoma kama wanavyosoma biolojia: wanatafuta ukweli wa kukariri. Hapa maarifa yako ya nje hayana kazi. Swali ni mwandishi anadai nini, anamjibu nani, na msimamo wake una ukali kiasi gani. Kila baada ya aya, jiambie kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi kumi, aya hiyo ilikuwa na kazi gani. Kwa Kiswahili, nasisitiza, kwa sababu ukirudia kwa Kiingereza utanakili maneno ya mwandishi na kudhani umeelewa. Jibu lenye «daima» au «kamwe» lishuku kwanza, ingawa si lazima liwe kosa. Ustadi huu hauingii kwa wiki mbili za kukesha, ndiyo maana nauanza mapema kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye sayansi, kila sehemu ina vifungu 10 na maswali 15 yanayosimama peke yake. Toa dakika 8 kwa kifungu na moja kwa swali la pekee: 80 na 15, dakika 95 zimekwisha. Hakuna kikokotoo. Aliyezoea kubonyeza tangu sekondari huumia hapa. Zoea kukadiria: mmumunyo wenye ioni za hidrojeni 3 × 10⁻⁴ lazima pH yake iwe kati ya 3 na 4, logi ya 3 ni karibu 0.5, basi jibu ni 3.5. Majibu manne kwa kawaida yameachana vya kutosha. Jedwali la elementi utapewa. Asidi amino 20 hutapewa, na lazima ujue jina, herufi, na tabia ya mnyororo wa pembeni wa kila moja.

Biokemia ni robo ya sehemu mbili. Kwa hiyo usipange tarehe kabla hujamaliza yuniti yake chuoni. Kujifunza vimeng'enya peke yako huku unafanya yuniti nyingine ni kubeba maji kwa pakacha.

Saikolojia na sosholojia hazimo kwenye shahada nyingi za sayansi hapa, na watu huzidharau. Ugumu wake ni istilahi zinazofanana. Mfano ninaoutumia: unawasha dawa ya mbu ya kuzungusha, mbu wanaacha kukuuma, kesho unaiwasha tena. Hiyo ni kiimarisho hasi, kwa sababu kero imeondolewa na tabia imeongezeka. Si adhabu. Karibu kila anayeanza hujibu adhabu.

Sasa likizo. Wiki ya kwanza fanya nusu mtihani tu, kupima mbavu. Wiki ya pili mpaka ya sita, kila Jumamosi mwigo mzima. Wiki ya mwisho hakuna mwigo. Mitihani rasmi ya AAMC ihifadhi kwa wiki za mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na mtihani wenyewe. Anza saa mbili asubuhi na ufuate mapumziko ya kweli: dakika 10, kisha 30, kisha 10. Pumziko la mwisho litaangukia saa saba na dakika 20, muda wa adhuhuri umeshaingia, na dakika 10 zinatosha kama una udhu tayari. Ikiwa likizo imekutana na Ramadhani, fanya sehemu mojamoja baada ya daku na uache mwigo mzima mpaka baada ya Idi. Stima ikipotea katikati, usiendelee kesho ukajiandikia alama; hesabu kama zoezi la sehemu ulizomaliza.

Uchambuzi huchukua muda mrefu kuliko mtihani, saa 9 hivi kwa siku mbili. Daftari la makosa liwe na sababu moja kati ya nne: sikujua, nilisoma vibaya, hesabu, muda. Kama zaidi ya nusu ni «sikujua», rudi kwenye maudhui. Kama ni «nilisoma vibaya», kuongeza sura hakutakusaidia. Punguza kasi kwenye swali, si kwenye kifungu. Anayeandika «uzembe» kila mahali hajachambua kitu.

Tarehe: mtihani hufanywa Januari hadi Septemba, na matokeo huchukua karibu mwezi. Ukiufanya mwishoni mwa Julai, lenga maombi ya mwaka unaofuata, maana huko anayewahi huangaliwa mapema. Jihadhari na likizo inayoliwa na atachimenti. Malindi hakuna kituo, basi panga nauli na ufike siku mbili kabla. Jina la usajili lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Mohamed wa kitambulisho na Mohammed wa pasipoti ni watu wawili mbele ya mlinzi wa mlangoni.

Ukimaliza, kompyuta itakuuliza kama unataka mtihani upimwe au ufutwe. Ukiufuta, alama haitatoka, lakini jaribio limehesabiwa: matatu kwa mwaka, manne kwa miaka miwili mfululizo, saba maishani. Amua jibu lako nyumbani, kabla ya kuingia chumbani.