Je, wajua kwa nini pakiti tupu ya maziwa inaweza kuchapa picha?

Jibu limo katika ukuta wa pakiti yenyewe. Pakiti ya maziwa au juisi inayokaa miezi bila friji ina tabaka kadhaa: karatasi ngumu, ambayo ni karibu robo tatu ya uzito wake, utando mwembamba wa alumini, na plastiki ya polithini nje, katikati na ndani. Ule upande wa ndani unaong'aa si alumini tupu. Umefunikwa na plastiki, kwa hiyo wino ukipakwa hapo hufutika. Ukiukwaruza, wino hunasa kwenye mkwaruzo. Ukibandua utando mpaka karatasi ionekane, karatasi huunywa wino. Basi bamba moja, yaani kipande cha pakiti unachochora na kupaka wino, linakupa weupe, mistari na weusi mzito. Pakiti zisizong'aa ndani hazifai kwa kazi hii.

Fungua pakiti ya lita 1, ioshe kwa sabuni (mafuta ya maziwa hukataa wino), ikaushe, kisha kata ubavu mpana, takriban sentimita 9 kwa 16. Epuka mikunjo, kwani kila mkunjo utajichapa kama mstari. Chora kwa sindano nene au ncha ya bikari. Panapotakiwa weusi, zungushia kwa wembe bila kukandamiza, kisha inua ukingo na ubandue. Wembe ukizama sana, bamba litakatika likibanwa. Maneno yaandikwe kinyume, maana picha hutoka imegeuka.

Karatasi ya kuchapia iwe ya rangi za maji, gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Iloweke dakika 15, kisha ikaushe kati ya taulo mpaka isiwe na mng'ao wa maji. Wengi huharibu hapa: ikiwa kavu haifiki ndani ya mikwaruzo na mistari hutoka hafifu, ikiwa na maji juu, wino wa mafuta hukataa kushika na picha hujaa mabaka.

Tumia wino wa mafuta wa wachapaji. Wa kalamu huteleza tu. Usambaze kwa kipande cha kadi, usukume mpaka uingie kwenye mistari. Futa kwa shashi iliyokunjwa, kwa mizunguko myepesi, umalizie kwa gazeti lililolazwa bapa. Ukifuta kwa pamba au kitambaa laini kinachozama, utachimbua wino uliouhitaji.

Kuchapa kwa kusugua mgongo wa karatasi kwa kijiko ni kubahatisha, kwa sababu kazi hii inataka mgandamizo mkubwa. Mashine ndogo ya tambi ya kuzungusha kwa mkono inafaa zaidi, mradi bamba lisizidi upana wa roli zake na mashine isirudi tena jikoni. Weka bamba, wino ukiangalia juu, kisha karatasi yenye unyevu, kisha kipande cha blanketi jembamba, upitishe mara moja bila kusita katikati.

Usitegemee nakala mia. Baada ya nakala kama kumi hivi, nyuzi za karatasi iliyobanduliwa hulala na weusi hupauka. Ukizipaka vanishi nyembamba na kuiacha ikauke kabla ya wino wa kwanza, bamba hudumu zaidi, ila weusi wake hupungua kidogo. Kwa picha yenye vivuli vingi, afadhali usipake vanishi.