Betri Inaisha Gari Likiwa Limeegeshwa: Pima Kabla ya Kununua Nyingine

Gari linaegeshwa Ijumaa halina tatizo. Jumatatu unazungusha ufunguo, kinachosikika ni "tik" tu. Wengi hapo hununua betri mpya, nayo baada ya muda inalala vilevile, maana kinachoinyonya hakijaguswa.

Gari lililozimwa bado hula umeme kidogo: saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kawaida hauzidi miliampia 50, yaani ampia-saa 1.2 kwa siku. Uvujaji wa nusu ampia hunyonya ampia-saa 12 kwa siku. Betri ya ampia-saa 45 haimalizi siku nne.

Anza na betri yenyewe. Ichaji ijae, ichomoe, iache usiku kucha. Iliyo nzima hukaa kwenye volti 12.6 hivi. Ikiporomoka ikiwa peke yake, ubovu ni wake.

Ikiwa nzima, fungua waya wa hasi, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kati ya waya huo na nguzo ya hasi. Waya mwekundu wa mita uingie tundu la ampia 10. Usiwashe gari wala taa kubwa, utaunguza fyuzi ya mita.

Hapa ndipo haraka huwaponza mafundi. Mita inasoma ampia mbili, wanatangaza wamempata mwizi, kumbe kompyuta za gari bado ziko macho. Funga milango, rimoti ipeleke mbali, subiri nusu saa. Magari mengine hutaka saa nzima.

Bado iko juu? Kuchomoa fyuzi moja moja kunaweza kuziamsha kompyuta hizo. Mgongoni mwa fyuzi nyingi za gari kuna vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi. Rudisha waya wa betri, subiri tena gari litulie, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti, weka mita kwenye milivolti, gusa vidoa hivyo. Sifuri maana yake hapapiti umeme. Penye milivolti, fuata njia ya fyuzi hiyo: mara nyingi utakuta taa ya buti isiyozima, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda, au redio na alamu zilizofungwa baadaye. Kifaa cha kufuatilia gari nacho hushukiwa, ila kama gari ni la mkopo, usikikate kabla ya kuongea na aliyekukopesha.

Fyuzi zote zikiwa kimya, shuku diodi za altaneta, yaani vipande vinavyozuia umeme kurudi nyuma ndani ya mashine inayochaji betri. Chomoa hasi ya betri kabla ya kugusa waya mnene wa altaneta. Waya huo una umeme muda wote, na spana ikigusa bodi ni cheche. Ufungue, uzungushie utepe, kisha rudisha mita kwenye ampia 10, pale kwenye hasi. Namba zikishuka, peleka altaneta kwa fundi umeme.