"Si Imeandikwa Kwenye Faili?" na Dhana Nyingine za Idara ya Dharura

Nimechoka kuuliza mgonjwa amefanyiwa nini, nikajibiwa, "Sista, si imeandikwa kwenye faili?" Na wanaonijibu hivyo ni wataalamu wenzangu, wala si ndugu wa wagonjwa. Gari la wagonjwa linafika Mtwara kutoka Newala au Tandahimba, msindikizaji anaacha barua ya rufaa mezani, machela koridoni, anawahi kurudi.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Barua inasema, "Amepewa magnesiamu," dawa ya kuzuia degedege. Saa ngapi? Gramu 4 za mshipani tu, au pamoja na zile 10 za makalioni, 5 kila upande? Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 kila baada ya saa 4, na kabla ya kumchoma lazima goti liruke likigongwa, apumue si chini ya mara 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nisipojua saa, ama namzidishia hadi pumzi ikate, ama nachelewa na degedege linarudi. Aliyeshika sindano angenijibu kwa sentensi moja, lakini keshaondoka.

Makabidhiano ya mgonjwa ni tiba, na mahali pake ni kitandani kwa mgonjwa: ana nini, amefanyiwa nini na saa ngapi, kinasubiriwa nini, usiku kinaweza kuharibika nini. Kisha anayepokea arudie alichosikia. Hapo ndipo wengi wanaparuka. Utafiti wa 2014 wa I-PASS, utaratibu wa kukabidhiana wagonjwa, katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ulionyesha makosa ya kitabibu yakishuka kwa asilimia 23 baada ya kuweka utaratibu wa aina hii, na muda wa makabidhiano haukuongezeka. Kwa hiyo msiniambie tutachelewa. Na tafadhali, andikeni dawa na saa kwenye plasta, mbandike juu ya jalada la faili.

"Aliyetangulia ahudumiwe kwanza." Hapana. Anayeshindwa kupumua anaingia hata akifika wa mwisho. Ila ndugu, mgonjwa wako akibadilika mkiwa mnasubiri, njoo useme, tumpime upya.

"Wenye mafua ndio wanatujazia idara." Hao wanaondoka upesi, wala hawahitaji kitanda. Kinachotuziba ni mgonjwa aliyepangiwa wodi tangu asubuhi, bado yuko kwetu jioni, kwa kuwa kitanda chake kina mtu aliyekwisha kuruhusiwa anayesubiri bili na dawa za kwenda nazo nyumbani. Raundi ya madaktari wodini ianze na wanaotarajiwa kuruhusiwa, na karatasi zao zikamilishwe palepale.