Mkolezo wa asidi na kasi ya mmenyuko wake na metali: dhana potofu na ukweli

Kisu huwa kikali, jua huwa kali, mbwa huwa mkali, na asidi nayo huitwa kali. Neno hili moja ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya mkanganyiko unaohusu asidi na metali, kwa sababu mtu anaposema "asidi kali" huenda anakusudia asidi yenye maji kidogo, au asidi ambayo molekuli zake zote zimegawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, au asidi inayounguza ngozi tu. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mawili ya kwanza huathiri mmenyuko kila moja kwa namna yake.

"Asidi kali na asidi iliyokolea ni kitu kimoja"

Mkolezo ni kiasi cha asidi kilichomo katika ujazo fulani wa myeyusho, na kwa kawaida hupimwa kwa moli, kipimo cha idadi ya chembe, katika kila lita. Ukali, kwa maana ya kikemia, ni kiwango cha kugawanyika kwa molekuli za asidi zinapokuwa majini. Asidi hidrokloriki ni kali kwa sababu molekuli zake hugawanyika karibu zote na kutoa ioni za haidrojeni, hata inapokuwa imezimuliwa sana. Asidi asetiki, ile inayoipa siki uchachu wake, ni hafifu: katika myeyusho wenye moli 1 kwa lita, ni takriban molekuli 4 tu katika kila 1,000 zinazokuwa zimegawanyika kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vipande viwili vya magnesiamu vinavyolingana, kimoja kikitiwa katika asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita na kingine katika asidi asetiki ya mkolezo huohuo, havitoi mapovu ya gesi ya haidrojeni kwa kasi moja. Mkolezo unalingana, lakini idadi ya ioni zilizo tayari kukutana na metali hailingani.

Hata hivyo asidi hafifu haiishii njiani. Ioni zake zinapotumika, molekuli nyingine hugawanyika kuzifidia, na mmenyuko ukiachwa umalizike, moli 1 ya asidi asetiki hutoa haidrojeni sawa na ile inayotolewa na moli 1 ya asidi hidrokloriki.

"Mkolezo ukiongezeka, chembe hupata nguvu zaidi"

Joto ndilo linaloziongezea chembe nguvu za mwendo. Mkolezo huongeza idadi yake tu. Ioni zikiwa nyingi katika ujazo uleule, zinazogonga uso wa metali katika kila sekunde nazo huwa nyingi, na kwa hiyo migongano inayofanikiwa huongezeka. Kizingiti cha nishati ambacho kila mgongano lazima ukivuke kinabaki palepale. Wanorwe wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, walikwisha kueleza mwaka 1864 kwamba mwendo wa mmenyuko hutegemea kiasi cha vitu vinavyomenyuka katika ujazo fulani. Maelezo yanayotegemea migongano ya molekuli yalikuja baadaye, katika karne ya 20.

"Asidi yenye mkolezo mkubwa hutoa gesi nyingi zaidi"

Hapa kasi huchanganywa na kiasi. Chukua gramu 0.12 za magnesiamu, ambazo ni moli 0.005, uzitie katika sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Kila atomu ya magnesiamu inahitaji ioni mbili za haidrojeni, kwa hiyo kinachohitajika ni moli 0.01 za asidi, ilhali zilizopo ni 0.05, yaani mara tano ya hitaji. Magnesiamu itakwisha na gesi itakayopatikana katika halijoto ya kawaida ya chumba ni takriban sentimita za ujazo 120. Rudia jaribio kwa asidi ya moli 2 kwa lita: mapovu yatafoka, muda utafupika, na gesi itakuwa ileile 120. Katika grafu, mstari wa pili hupanda kwa mteremko mkali zaidi lakini hulala bapa katika kimo kilekile. Gesi huongezeka pamoja na mkolezo pale tu ambapo metali ni nyingi kuliko asidi inavyoweza kumaliza, kwa kuwa sasa asidi ndiyo inayokwisha kwanza.

"Kumimina asidi zaidi huongeza kasi"

Asidi ya mkolezo uleule ikiongezwa ujazo, idadi ya ioni zinazougusa uso wa metali haibadiliki mwanzoni, mradi metali ilikuwa tayari imezama yote. Faida yake ni kwamba mkolezo hupungua polepole zaidi kadiri mmenyuko unavyoendelea.

"Kadiri mkolezo unavyozidi, kasi nayo huzidi, bila kikomo"

Dhana hii ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu ni kweli katika majaribio mengi ya darasani, ambako asidi huwa imezimuliwa. Lakini asidi salfuriki ya asilimia 98, yenye takriban moli 18 kwa lita, husafirishwa na kuhifadhiwa katika matangi ya chuma cha pua na hata ya chuma cha kawaida cha kaboni. Maji yaliyomo ni machache mno kuweza kuigawanya asidi yote kuwa ioni, na salfeti ya chuma inayotokea mwanzoni haiyeyuki vizuri katika asidi hiyo, hivyo hubaki juu ya metali kama ngozi inayoikinga. Hatari huingia pamoja na maji: asidi ikizimuka, salfeti huyeyuka, chuma huanza kuliwa na haidrojeni, gesi inayolipuka, hujikusanya ndani ya tangi.

Asidi nitriki inashangaza zaidi. Chuma kikichovywa katika asidi nitriki iliyokolea, hujivika utando mwembamba sana wa oksidi na kutulia. Kikihamishiwa katika asidi nitriki iliyozimuliwa, ambayo kwa kawaida ingekishambulia, huweza kuendelea kutulia mpaka kikwaruzwe. Christian Friedrich Schönbein alilichunguza jambo hili na mwaka 1836 akamwandikia Michael Faraday kulihusu. Aluminiamu nayo hujikinga vivyo hivyo. Isitoshe, asidi nitriki haifai kabisa kwa jaribio la kukusanya haidrojeni, kwani kwa metali nyingi hutoa oksidi za nitrojeni: shaba ikikutana na asidi iliyokolea hutoa moshi wa kahawia wenye sumu.

Shaba hiyohiyo, ikitumbukizwa katika asidi hidrokloriki ya kawaida, haitoi mapovu ya haidrojeni, kwa kuwa katika mfululizo wa utendaji wa metali, yaani orodha inayozipanga kwa wepesi wake wa kumenyuka, iko chini ya haidrojeni. Asiyeweza kuisukuma haidrojeni itoke hasaidiwi na umati wa ioni.

"Mkolezo ukizidishwa mara mbili, kasi nayo huwa mara mbili"

Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Uhusiano huo hupatikana kwa kupima, wala hausomwi katika mlinganyo wa mmenyuko. Magnesiamu na asidi hidrokloriki hutoa joto jingi, na joto hilo huchochea kasi kwa njia yake lenyewe, kiasi kwamba anayelinganisha muda wote wa mmenyuko huwa anapima mkolezo na halijoto kwa pamoja bila kujua. Aluminiamu huanza kwa kusuasua kwa sababu oksidi iliyoifunika lazima iondoke kwanza, na kipande cha magnesiamu ambacho hakikusuguliwa kwa msasa huchelewa vivyo hivyo. Mapimo ya haki hutumia vipande vya uso unaolingana, asidi nyingi ya kutosha ili mkolezo usishuke sana, halijoto moja, na kasi ya sekunde za mwanzo, mara tu uso wa metali unapokuwa safi na kabla asidi haijapungua.